Msitu uliopanda meli: safari ya jina la Silva

Kila Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa, mama alikuwa ananishika mkono tunatoka Mikanjuni kwa miguu mpaka mjini Tanga, kwa fundi wa sare. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa mbawa mbili, na juu ya mlango ubao wa bluu wenye herufi nyeupe zilizoanza kuchunika: D'SILVA. Sisi watoto tulimwita Mzee Silva. Alikuwa Mgoa, mtu wa asili ya Goa huko India, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, futi ya manjano shingoni, na pini mdomoni ambazo hakuzitoa hata akizungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, na salamu yako ya shikamoo aliipokea kwa "marahaba" ndefu huku mkono wake tayari uko begani mwako unapima.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni daftari lake la vipimo. Lilikuwa refu na jembamba, jalada gumu, pembe zimelika. Yeye anapima na kutaja inchi, kijana wake anaandika kwa penseli. Mwaka mmoja tulikuwa Juma watatu kwenye foleni. Kijana akauliza, "Huyu Juma gani?" Mzee Silva hakuuliza baba yangu anaitwa nani. Akamgeukia mama: "Mnakaa wapi, mama?" Mama akajibu. Akaamuru, "Andika Juma Mikanjuni." Mwenzangu akawa Juma Makorora, wa tatu Juma Duga. Kuanzia siku hiyo, mbele ya fundi yule, hilo ndilo lililokuwa jina langu, na wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakalibeba mpaka darasani.

Kwa asiyeijua Tanga: mikanju ni mikorosho. Mikanjuni ni mahali palipokuwa na mikorosho mingi kabla nyumba hazijaimaliza. Kwa hiyo fundi yule aliniandikia miti kwenye daftari, kama vile jina lake yeye mwenyewe lilivyobeba miti. Sikulijua hilo mpaka nilipofika kidato cha tatu.

Siku hiyo nilikwenda peke yangu, suruali yangu imekuwa fupi. Nikamuuliza, "Mzee, Silva maana yake nini?" Akasema, "Msitu." Basi. Na mimi, niliyekuwa nimetoka kwenye somo la historia nikiwa moto juu ya ukoloni, nikamwambia kwamba kama ni hivyo basi hilo si jina lake, ni jina la Mreno, na ingefaa atafute jina lake la kweli. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha kitambaa kilichofungwa kiganjani. Kisha akasema taratibu: "Baba yangu kazikwa nalo. Babu yangu kazikwa nalo. Sasa wewe, kijana, unataka nikalirudishe kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Alinipima kiuno, akataja inchi, akaniambia nirudi Alhamisi.

Miaka mingi imepita na lile swali sijaacha kulitafutia jibu. Nimesoma juu ya jina hili kwa namna ambayo mtu husoma juu ya ukoo wake. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Neno lenyewe ni la Kilatini, *silva*, msitu. Waroma walikuwa na mungu wa misitu aliyeitwa Silvanus, na jina hilo tunalo kwenye Biblia yetu ya Kiswahili bila kujua: barua ya kwanza kwa Wathesalonike inafunguliwa na "Paulo, na Silwano, na Timotheo". Kila Silvesta na kila Silvia unayemfahamu Moshi au Bukoba ni mtu wa msituni kwa asili ya jina. Jimbo la Pennsylvania, lililopewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1681, ni "misitu ya Penn". Transylvania ya Romania ni "ng'ambo ya msitu".

Lakini ili neno liwe jina la ukoo lilihitaji mahali. Kaskazini kabisa mwa Ureno, mto Minho unapotenganisha nchi hiyo na Galicia ya Hispania, karibu na mji wa Valença, palikuwa na ngome ya ukoo wa makabaila walioitwa da Silva. Huko ndiko wanahistoria wa koo wanakoanzia wakilifuata jina hili nyuma mpaka zama za kati. Ila makabaila hawakuwa peke yao waliokaa karibu na miti. Nchi ile ina mvua nyingi na vichaka kila upande, na vijiji vilivyoitwa Silva vilikuwa zaidi ya kimoja. Fikiria kijiji chenye João wanne. Karani wa kanisa anaandika nani kazaa, nani kaoa, nani kadaiwa. Anauliza swali lile lile la Mzee Silva: unakaa wapi? Huyu ni João wa kijitoni, yule ni João wa mwambani, yule wa tatu ni João wa msituni.

Hapo Kiswahili kinatusaidia kuona kitu ambacho lugha nyingi hazikionyeshi vizuri. Ule *da* wa da Silva ni sawasawa na ile *-ni* yetu. Da Silva ni Msituni. Mikanjuni na da Silva ni jina moja lililozaliwa mara mbili, mara moja kwenye ukingo wa Minho na mara moja Tanga.

Na Wareno wamejaa majina ya namna hii. Ribeiro ni kijito. Rocha ni mwamba. Serra ni safu ya milima. Pereira ni mti wa mapera ya Kizungu, Oliveira ni mzeituni, Carvalho ni mwaloni. Sousa, ambalo kwetu tumelizoea kama de Souza, ni mto unaoingia kwenye mto Douro. Kuna simulizi inayorudiwa sana kwamba majina ya miti yalikuwa ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa mwaka 1497, na kwamba ukiitwa Pereira au Oliveira basi babu yako alikuwa Myahudi. Ni kweli kwamba waliobatizwa kwa nguvu walichukua majina ya kawaida ya Kireno, yakiwemo haya, lakini walichukua yaliyokuwepo tayari, yanayotumiwa na majirani zao Wakristo wa siku nyingi. Jina la mti peke yake halithibitishi kitu.

Ninalolipenda zaidi kati ya hayo ni da Costa. *Costa* ni mteremko, na pia ni pwani. Sasa jiulize sisi ni akina nani. *Sawahil* kwa Kiarabu ni pwani nyingi, na kutoka hapo tukapata Sawahili, kisha Waswahili. Mtu wa Lamu aitwaye Mswahili na mtu wa Lisbon aitwaye da Costa wamepewa jina kwa kitu kile kile, mahali ambapo bahari inagusa nchi kavu. Jirani zetu nao ni hivyo hivyo: Wamrima ni wa Mrima, Wanyika waliitwa kwa nyika, na Washambaa kwao ni Shambaai, nchi ya juu milimani, kinyume na nyika iliyo chini. Mtu akiniambia jina linalotokana na ardhi ni mambo ya Ulaya namshangaa.

Kitu kimoja zaidi juu ya neno lenyewe, kisha tupande meli. Kwa Mreno wa leo *silva* halimaanishi msitu tena. Msitu anauita *floresta* au *mata*. *Silva* kwake ni ule mmea wa miiba unaotambaa kwenye kuta za mawe na kuzaa matunda madogo meusi, unaokata mikono ya watoto wanaoyachuma. Kilichobaki cha msitu ni miiba yake tu. Nilipolisoma hilo niliwaza sana juu ya Mikanjuni, ambako ukitafuta mkanju leo utatafuta mpaka jioni.

Wareno walipita kwetu kabla ya kufika Goa. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498, akachukua rubani, akavuka. Goa yenyewe ilitekwa na Afonso de Albuquerque mwaka 1510. Kilichofuata katika miaka mia iliyokuja ndicho kilichompa Mzee Silva jina. Vijiji vizima vya Goa vilibatizwa, na aliyebatizwa alipewa jina jipya, mara nyingi jina la ukoo la baba wa ubatizo, ambaye angeweza kuwa padri, askari au ofisa. Ndiyo maana unaweza kukuta familia nyingi za Goa zina jina moja na hazina udugu wa damu, na ndugu wa damu wametawanyika kwenye majina mawili matatu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona Minho. Msitu uliwafikia ukiwa neno tu, ukadondoshwa kichwani pamoja na maji.

Mtu wa pwani yetu alipitia jambo hilo hilo, na kisa chake kila mtoto wa Mombasa anastahili kukijua. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyeuawa kwa hila za Wareno, alichukuliwa akiwa mdogo akapelekwa Goa. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akaozwa mwanamke wa Kireno, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini yao. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni wa ngome, akaurudia Uislamu na jina la Yusuf bin Hassan. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaenda kuishi baharini, akipigana nao mpaka mwisho.

Siku nyingi nilikitumia kisa hiki kama fimbo. Nilikuwa nasema: tazama, Yusuf alilirudisha jina lao, kwa nini Mzee Silva asirudishe? Lakini Yusuf alikuwa na la kurudia. Alikuwa analikumbuka, na watu wa Mombasa walikuwa wanalikumbuka. Alikuwa mtu mmoja na maisha mamoja. Ukiwa mtoto wa kumi kutoka kwa yule aliyebatizwa, unaporudi nyuma unarudi wapi?

Wareno waling'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Waliondoka na majina yao. Kwenye koo za Waswahili wa Mombasa hukuti da Silva wala Pereira. Walichoacha ni maneno: meza, leso, bendera, na gereza, ambalo kwao, *igreja*, lilikuwa kanisa. Majina yalirudi baadaye sana, kwenye karne ya 19, kwa mlango mwingine kabisa. Hayakuletwa na askari, yaliletwa na makarani, wapishi, wapiga muziki, wapiga picha na mafundi cherehani kutoka Goa, walioshuka Zanzibar wakati wa masultani, kisha wakaenea Mombasa, Nairobi, Tanga na Dar es Salaam. Ukisimama Mji Mkongwe mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile tunaloliita Minara Miwili, lililojengwa miaka ya 1890, unasimama mbele ya kanisa ambalo Wagoa walisali vizazi kwa vizazi.

Watu hao walikuwa wetu. Fitz de Souza, ambaye jina lake ni mto wa Ureno, alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta Kapenguria, akaja kuwa naibu spika wa Bunge la Kenya. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa kwa baba Mgoa na mama Mmaasai. Jina la baba yake lilikuwa Zuzarte, naye akachagua kuitwa kwa jina la upande wa mama. Huyo alikuwa na pa kwenda, kama Yusuf. Namheshimu kwa hilo. Lakini namheshimu vilevile de Souza aliyebaki na mto wake, na akiwa nao akasimama mahakamani kututetea.

Sri Lanka nitaipita haraka. Wareno walifika huko mwaka 1505, na leo de Silva, Perera na Fernando ni majina ya Wasinhala wa kawaida kabisa, wengi wao Wabudha. Aliyewapa kombe la dunia la kriketi kwa mikimbio 107 kwenye fainali ya mwaka 1996 pale Lahore aliitwa Aravinda de Silva.

Brazili siwezi kuipita haraka. Huko jina hili limekuwa kubwa kuliko mahali pengine popote duniani. Ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote, na kwa sensa ya mwaka 2022 wenye Silva ni zaidi ya watu milioni 30. Hii ni nusu ya Tanzania. Haiwezekani wote wakawa wametoka kwenye ngome moja kando ya Minho, wala hata kwenye vijiji vyote vilivyoitwa Silva. Wareno maskini waliovuka bahari walilibeba, ndiyo. Lakini wengi walipewa. Walipewa wenyeji wa nchi ile kwenye misheni. Na walipewa Waafrika.

Karibu watu milioni 5 walishushwa Brazili kutoka Afrika wakiwa watumwa, na utumwa haukufutwa huko mpaka tarehe 13 Mei 1888. Mtumwa aliandikwa jina la ubatizo peke yake, na mahali pa jina la ukoo ikawekwa bandari au nchi aliyopakiwa. Kwenye daftari za Rio de Janeiro za karne ya 19 wapo watu walioandikwa Moçambique, wapo walioandikwa Quelimane, bandari ya Msumbiji. Wengi wa waliotoka kaskazini mwa Msumbiji walikuwa Wamakua, ndugu wa hawa hawa Wamakua wa Masasi. Yaani karani wa Brazili aliuliza lile swali, umetoka wapi, ila aliyeulizwa alikuwa kwenye minyororo, na jibu aliloliandika karani lilikuwa jina la gati.

Alipopata uhuru, mtu huyo alihitaji jina la kusainia, la kuozeshea mtoto, la kununulia kiwanja. Wengine walichukua jina la waliowamiliki. Wengine walichukua majina ya ibada: dos Santos, wa Watakatifu, au do Nascimento, wa Kuzaliwa kwa Bwana. Wengi wakachukua Silva, kwa sababu lilikuwa la kila mtu, na jina la kila mtu linamficha mtu vizuri. Nadhani kuna busara kubwa kwenye kuchagua hivyo. Mtu aliyewindwa anaingia msituni.

Na wajukuu zao wamelifanya nini? Leônidas da Silva alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia mwaka 1938. Marta Vieira da Silva, mtoto wa kike kutoka mji mdogo wa jimbo la Alagoas, amefunga mabao 17 kwenye Kombe la Dunia na kuchaguliwa mchezaji bora wa dunia mara 6. Neymar kwenye pasipoti ni da Silva Santos. Rais Lula ni da Silva, mtoto wa maskini wa Pernambuco, na Lula lilikuwa jina la utani tu mpaka alipoliongeza rasmi kwenye majina yake. Ayrton Senna alizaliwa da Silva pia. Alipoanza mashindano ya magari Ulaya aliona Silva ni wengi mno, akatumia jina la mama.

Na yupo wetu wa upande huu wa bahari: Eusébio da Silva Ferreira, aliyezaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, Maputo ya leo, akafunga mabao 9 kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1966 akiwa amevaa jezi ya Ureno. Jina lilitoka Ureno likaenda Msumbiji, likarudi Ureno miguuni mwa Mwafrika, na nchi nzima ikalipigia makofi.

Siku niliyoelewa hivyo ndiyo siku niliyoelewa nilichomfanyia Mzee Silva. Nilimwambia mtu jina lake ni la wizi, wakati aliyeibiwa ni babu yake. Nilidhani jina linalotaja mahali linakudai uwe wa mahali pale. Msitu wa Minho ulishakufa hata kwenye lugha ya Kireno. Ulipo sasa ni kwenye makaburi ya Goa, kwenye mitaa ya São Paulo na Colombo, kwenye jezi, na kwa miaka mingi ulikuwa Tanga, juu ya mlango wa mbawa mbili. Sikupata kumwomba radhi. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma alikuwa ameshafariki, na watoto wake wako Kanada. Pale dukani sasa wanauza simu. Ubao umeondolewa, lakini matundu ya misumari yake bado yapo, manne, nimeyahesabu.

Mimi nami tulihama Mikanjuni zamani, nikaoa, nikahamia Dodoma kikazi. Wenzangu wa shule hawajawahi kuniita kwa jina lingine. Wakipiga simu mke wangu akapokea wanasema, "Mikanjuni yupo?" Wanangu wamekua wanasikia hivyo.

Mwaka jana timu ya shule ya mwanangu wa pili ilishonewa jezi mpya. Nilimpeleka kwa kijana anayechapa majina mgongoni, kibanda chenye mashine ya joto na harufu ya plastiki. Mtoto aliandika kwenye karatasi mwenyewe, kwa herufi kubwa: MIKANJUNI, namba 8. Hajawahi kufika huko, wala mkorosho sijui kama ameshawahi kuuona umesimama. Yule kijana akaisoma, akaiangalia tena, akamuuliza, "Hapa ni mahali?"

"Hapana," mwanangu akasema. "Ni jina letu."

Akaiweka jezi chini ya mashine, akaibana.